FIMBO YA MBALI HAIUI NYOKA
Misaada ya mafuriko kutoka nje, na deni letu sisi kwa sisi

Pale Igoma, katika Jiji letu la Mwanza, yapo makaburi ambayo kila mkazi wa kanda hii anayafahamu. Humo wamelazwa wengi wa ndugu zetu waliopotea tarehe 21 Mei 1996, siku ambayo meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekwisha kuikaribia bandari ya Mwanza. Sehemu ya meli ile ilibaki juu ya maji kwa saa kadhaa, na watu walikuwa wamenasa ndani yake wakiwa hai. Vifaa vya kuwatoa havikuwapo. Ilipojaribiwa kutobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiishikilia ilitoka, nayo ikazama. Baadaye walikuja wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini, watu hodari na wenye moyo. Kazi waliyoikuta ilikuwa kuopoa maiti.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kwa mara nyingine, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na wanakijiji wenye mitumbwi yao. Giza lilipoingia, kazi ya uokoaji ikasimamishwa hadi asubuhi.

Hatuyataji haya kwa nia ya kutonesha vidonda. Twayataja kwa sababu ziwa limetufundisha mara mbili, kwa gharama isiyosemeka, somo ambalo mafuriko nayo hutufundisha: saa za kwanza za maafa ni za jirani. Msaada wa mbali, hata ukiwa mkubwa namna gani, hufika baada ya saa hizo. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Makala hii yataka kuuliza: fimbo yetu ya karibu iko wapi?

KUONA

Tuanze na hali yenyewe. Wazee wetu wanazikumbuka mvua za miaka ya Uhuru, ambapo kati ya 1961 na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikalipandisha tena. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2019, ziwa lilifikia mwaka 2020 kimo cha juu kabisa tangu ule wa 1964, na mwaka 2024 likapanda tena kwa namna hiyo. Maji yakaingia katika nyumba, mialo, mashamba na vyoo vya watu wa pwani ya ziwa, katika Tanzania, Kenya na Uganda vilevile.

Katika msimu huohuo wa 2023 na 2024 taifa zima liliumia. Tarehe 25 Aprili 2024, Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba mvua zilikuwa zimeua watu 155, kujeruhi 236, na kuathiri watu wapatao 200,000. Hapa jijini kwetu, kila anayeishi kando ya Mto Mirongo anajua sauti ya maji yateremkayo kutoka katika vilima vya mawe, yakikusanya taka na majitaka, hadi Mabatini na kwingineko bondeni. Maji hayo hayakai siku nyingi. Huja usiku, huondoka asubuhi, na huacha nyuma yao matope, nyumba zilizolegea na hofu ya kipindupindu.

Sasa tutazame misaada. Si haki kusema kwamba misaada ya kimataifa haina faida. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Hakuna wilaya duniani ambayo ingeweza kulisha umati ule kwa nguvu zake yenyewe. Mashirika ya kimataifa yalileta unga, dawa, maji na mahema, na watu wengi sana waliishi kwa sababu hiyo. Twashukuru. Lakini tukumbuke pia kwamba kabla ya lori la kwanza kufika, wakulima wa Ngara walikuwa wamekwisha kutoa ndizi zao, maji yao na viwanja vyao.

Tatizo, basi, si kuwako kwa misaada. Tatizo ni wakati inapofika, mlango inaopitia, na hesabu inayotolewa.

Kuhusu wakati, Umoja wa Mataifa umefanya hesabu. Kati ya 2010 na 2019, fedha za misaada ya kimataifa zilizotumika katika kukabili maafa yaliyokwisha kutokea zilikaribia dola bilioni 120. Zilizotumika kuzuia na kujiandaa kabla ya maafa zilikuwa dola bilioni 5 na nusu hivi. Dunia, kwa maneno mengine, hutoa shilingi moja ya kuziba ufa kwa kila shilingi ishirini na zaidi za kujenga ukuta.

Kuhusu mlango, mwaka 2016 wafadhili wakubwa na mashirika makubwa walikubaliana mjini Istanbul kwamba, ifikapo 2020, robo ya fedha za misaada ipelekwe kwa wenyeji wenyewe kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulifika na kupita, na kiasi kilichowafikia wenyeji moja kwa moja kilikuwa asilimia chache tu.

Tena fimbo hiyo ya mbali sasa inafupishwa. Mapema mwaka 2025, Marekani, iliyokuwa mtoaji mkubwa kuliko wote, ilisimamisha misaada yake mingi, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likakoma kufanya kazi. Hata mtandao wa FEWS NET, ulioanzishwa mwaka 1985 kutoa tahadhari za njaa, ulinyamaza kwa miezi kadhaa. Mtu aliyekuwa akitegemea kuamshwa na saa ya jirani hana budi kujiuliza ataamkaje siku jirani atakapohama.

Kuhusu hesabu, naomba kuungama jambo langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa watu sita tulioteuliwa kugawa msaada baada ya mvua kubwa katika mtaa mmoja wa bondeni. Msaada ulifika siku ya kumi na mbili: blanketi, ndoo na unga. Orodha tuliyopewa ilikuwa imeandikwa kwa kufuata nyumba, yaani majina ya wenye nyumba. Mama mmoja mjane, mpangaji wa chumba kimoja, alisimama mbele yetu na watoto watatu. Maji yalikuwa yamechukua kila alichokuwa nacho, pamoja na cherehani aliyokuwa akiishi kwayo. Jina lake halikuwamo. Mwenye nyumba wake, anayeishi mtaa wa mlimani ambako halikuingia hata tone, alipokea blanketi nne. Mimi nilijua. Hata hivyo nikatia sahihi, kwa kuwa lori lilikuwa likisubiri na mpiga picha alikuwa amekwisha kujiandaa.

Usiku wa mafuriko mama yule alitolewa ndani na kijana muuza mihogo, akalala siku zote kumi na mbili kwa jirani yake Mwislamu mwenye vyumba viwili na watoto watano. Jirani huyo hakupigwa picha, wala hakuna taarifa yoyote iliyomhesabu miongoni mwa wafadhili.

KUAMUA

Tukiyatazama haya kwa macho ya imani, tunakuta kwamba Kanisa la mwanzo lilikabiliwa na maswali yaleyale.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 11, chasimulia habari za nabii Agabo aliyetangaza kwamba njaa kubwa ilikuwa inakuja. Waamini wa Antiokia hawakungoja kuona maiti ndipo waguswe. Waliposikia tahadhari tu, kila mmoja alichanga alichoweza, nao wakawatuma Barnaba na Saulo kuupeleka mchango kwa wazee wa Uyahudi. Hapa pana mambo matatu: tahadhari iliyosadikiwa, msaada uliotumwa mapema, na mikono ya wenyeji iliyoaminiwa kuugawa. Hata leo wataalamu wa maafa hawana mengi ya kuongeza.

Katika sura ya 6 ya kitabu hichohicho, wajane wa kundi moja walilalamika kwamba wanarukwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaambia washukuru kwa kidogo walichopata. Walikiri kwamba lalamiko ni la haki, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema kuisimamia kazi ile. Naye Mtume Paulo, alipokusanya mchango kwa ajili ya Yerusalemu, aliwaeleza Wakorinto kwamba hauchukui peke yake, bali pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili asipatikane wa kumlaumu. Ikiwa Paulo hakuona aibu kuhesabiwa, ni kiongozi gani wa parokia, wa mtaa au wa shirika la kigeni atakayeona haya kusoma hesabu mbele ya watu?

Kutokana na hayo twaamua kwamba msaada wa maafa ni suala la haki, wala si la huruma peke yake. Na haki ina kanuni zinazojulikana kabla ya tukio.

Chukua mifano miwili ya nchini mwetu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliipiga Kagera, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Michango ilitoka ndani na nje ya nchi. Kisha Serikali ikaeleza kwamba michango ile ingeelekezwa kwenye miundombinu ya umma, zikiwamo shule, wala si kumjengea kila mwananchi nyumba yake. Zikazuka pia tuhuma kuhusu akaunti za michango, na viongozi wakaondolewa kazini. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope yaliua watu wapatao 89 katika eneo la Katesh, wilayani Hanang. Huko, Serikali na Chama cha Msalaba Mwekundu waliwajengea waathirika nyumba zaidi ya 100.

Hatusemi kwamba uamuzi wa Hanang ulikuwa mbaya, ulikuwa mwema. Wala hatukatai kwamba nyumba zilizobomoka Kagera zilikuwa nyingi mno kulinganisha. Tunachosema ni kwamba mwananchi hapaswi kungoja maafa yatokee ndipo ajue anastahili nini. Kanuni isiyotangazwa mapema humfanya mtoaji afikiri anajenga nyumba, mpokeaji afikiri amedhulumiwa nyumba, na mgawaji abaki na uhuru usiomfaa mwanadamu mwenye vishawishi.

Yapo pia madai yetu kwa mataifa tajiri. Moshi unaoipasha dunia joto haukutoka katika mitumbwi ya Ukerewe wala majiko ya Sengerema. Mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa kufidia hasara na uharibifu unaotokana na mabadiliko ya tabianchi. Tuudai bila kupiga magoti, maana anayelipa deni hatoi sadaka. Lakini tusijidanganye: mifuko ya plastiki inayoziba Mirongo haikutupwa na Wazungu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na viwanja ndani ya mita hizo vimeuzwa na watu tunaosali nao. Tena aliyeuziwa ni maskini asiye na pa kwenda. Kumhamisha bila kumwonyesha mahali pengine ni kumfurikisha mara ya pili.

KUTENDA

Yawezekana msomaji aseme: sisi ni maskini, tutajiandaa kwa nini? Wasukuma hawakuwa matajiri walipokausha viazi kuwa michembe na matobolwa, wala walipojaza vihenge, wala walipotenga ngitili, yaani malisho yasiyoguswa mpaka kiangazi kikali. Huo ulikuwa utaalamu wa maafa kabla neno hilo halijaandikwa katika sheria yoyote. Tena ngitili yatuonyesha msaada mwema unavyokuwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliosaidiwa na Norway. Mradi ule ulipoheshimu desturi hiyo ya wenyeji, mamia ya maelfu ya hekta zilirudi kuwa na miti na majani. Fedha zilitoka mbali, bali maarifa na mikono ilikuwa ya hapa. Hiyo ndiyo fimbo ya mbali iliyokabidhiwa mkono wa karibu.

Kwa hiyo tunapendekeza kila parokia ya pwani ya ziwa, kwa kupitia Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ifanye mambo matano.

1. Daftari. Kila jumuiya iandike wanaohitaji kubebwa maji yakija usiku: wazee, wagonjwa, wajawazito, walemavu, watoto wanaolala peke yao wazazi wakiwa kazini. Iandike wanaoishi ndani ya nyumba, si wanaomiliki nyumba. Iandike majirani wote, Wakristo, Waislamu na wasio na dini, maana maji hayaulizi cheti cha ubatizo. Majina hayo ni siri ya huduma: yatunzwe na watu wawili wanaoaminika, na nakala akabidhiwe mwenyekiti wa mtaa.

2. Tahadhari. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kwa ajili ya ziwa, na Mwanza ina rada ya hali ya hewa. Lakini onyo lisilomfikia mvuvi mwaloni ni sawa na barua isiyofunguliwa. Achaguliwe kijana mmoja wa VIWAWA katika kila kigango awe msikilizaji wa tangazo la kila siku, na tukubaliane na ndugu zetu wa msikitini juu ya ishara moja: mlio wa kengele na tangazo la kipaza sauti vyenye maana inayojulikana na wote.

3. Ghala. Kamba, tochi, majembe, machela, dawa ya kutibu maji, mahindi na michembe. Sehemu ya mchango wa Kwaresima iwekwe huko kabla ya masika. WAWATA, ambao ndio hupika katika kila msiba, washike funguo.

4. Mifereji. Siku moja kila mwezi tusafishe mifereji na kingo za mto pamoja na wakazi wenzetu wote, huku tukiidai Halmashauri wajibu wake wa kuzoa taka tulizozitoa. Taka iliyoachwa kandokando hurudi mtoni na mvua ya kwanza.

5. Hesabu. Kila kilichopokelewa na kila kilichogawiwa kisomwe hadharani, kibandikwe mlangoni, na wapokeaji wenyewe wawe na wajumbe katika kamati. Atakayesema amerukwa asikilizwe kabla lori halijaondoka.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kuwapo kwa kamati za maafa kuanzia taifa hadi kata na kijiji au mtaa. Kazi ya walei si kuunda serikali ya pili. Ni kuuliza kama kamati ya mtaa wao imewahi kukutana, na kuipelekea daftari.

Kwa wahisani wa ng'ambo twaomba mambo matatu, nasi twayaomba kwa heshima. Njoni mapema: fedha ya mfereji wa leo itaokoa fedha ya mahema ya kesho. Piteni kwetu: nunueni mpunga wa Magu na mahindi ya Geita badala ya kusafirisha magunia kuvuka bahari, na waaminini wenyeji kwa fedha, si kwa kubeba mizigo tu. Na mtueleze nanyi hesabu zenu: kiasi gani kilichangwa kwa jina letu, kiasi gani kilibaki njiani. Anayetutaka tuwe wawazi na awe wa kwanza kufungua daftari lake.

Ndugu msomaji, mama yule mjane nilimwona tena baada ya mwaka. Alikuwa akifanya vibarua vya kushona kwa cherehani ya kukodi. Nilimwomba radhi kwa sahihi yangu. Alinijibu kwamba blanketi hakulilia sana. Kilichomuuma ni kuambiwa mbele ya watu kwamba hayumo. Tangu siku ile nimeamini kwamba kazi ya kwanza ya kujiandaa kwa maafa si kununua kitu chochote. Ni kuhakikisha kwamba siku maji yatakapokuja, hakuna jirani yetu atakayeambiwa hayumo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Mvua kubwa ikinyesha usiku wa leo, nani katika jumuiya yetu hawezi kutoka nyumbani bila msaada? Nani amepangiwa kumfikia?

2. Je, kamati ya maafa ya mtaa au kijiji chetu ipo? Wajumbe wake ni akina nani, na wapangaji wanawakilishwa na nani?

3. Msaada wa mwisho kufika kwetu uligawiwaje? Kuna aliyerukwa? Tumemwomba radhi?

4. Ni desturi gani ya wazee wetu ya kujiandaa kwa siku mbaya tuliyoiacha, nayo yafaa kurudishwa?